Sauti Juu ya Mwamba

Msomaji, ukisimama Cheptais asubuhi, ukungu ukiwa umekwisha kupaa, utaona jinsi nchi inavyopanda kuelekea Mlima Elgon: kwanza mashamba ya mahindi na migomba, kisha msitu, na juu ya msitu majabali. Mtu aliye upande huu wa bonde akitaka kumwita mwenziwe aliye ng'ambo, huweka viganja kinywani, akapaza sauti, akangoja. Kukiwa shwari sauti huvuka bonde na jibu hurudi. Lakini upepo ukivuma, au mmoja wao akipita nyuma ya kilima, sauti hupotea, na kila mmoja hubaki na mashaka yake.

Jambo hili, ambalo kila mtoto wa milimani analijua, lilikuwa kwa miaka mingi shida kubwa ya watu wapandao majabali. Nataka tutazame pamoja jinsi watu walivyojaribu kuishinda shida hiyo katika milima yetu, na jinsi simu ya upepo, yaani redio ndogo ya kusemezana, ilivyobadili mambo. Tutaona pia jambo moja ambalo chombo hicho hakikuweza kulibadili.

Kwanza hatuna budi kufahamu kazi yenyewe. Wapandaji wawili hufungamana kwa kamba moja. Mmoja hutangulia, wa pili hubaki chini akiishika kamba, ili mwenziwe akiteleza asianguke mbali. Yule wa kwanza akifika mahali imara, hujifunga kwenye mwamba, kisha humwambia wa pili kwamba sasa ni zamu yake. Kamba yaweza kuwa na urefu wa mita 40 au 50, na aghalabu jabali limepinda, hata hawaonani. Kwa hiyo huagana kabla ya kuanza: maneno machache mafupi yasiyofanana, au kuvuta kamba mara kadhaa ikiwa upepo ni mkali. Ukiwaza kidogo utaona hatari iliyopo. Aliye chini akidhani ameambiwa aachie kamba, kumbe ameambiwa aishike, mtu hufa kwa neno moja.

Sasa tutazame Mlima Kenya. Tarehe 13 Septemba 1899 Mwingereza Halford Mackinder, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, viongozi wa milima kutoka Italia, walifika kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199. Hao ndio watu wa kwanza wanaojulikana kufika huko. Lakini wale watatu hawakuwa peke yao mlimani. Nyuma yao walikuwako wachukuzi wengi, na chakula cha msafara kilikuwa kimepungua sana. Wachukuzi Waswahili wawili waliuawa walipokwenda kutafuta chakula, na ombi la msaada lilipelekwa kwa miguu mpaka Naivasha. Neno lilikwenda mwendo wa miguu ya mtu, na njaa ililingoja jibu.

Karibu miaka 30 ikapita kabla ya watu wengine kufika kileleni tena. Mnamo Januari 1929 Eric Shipton na Percy Wyn Harris walipanda Nelion, kilele kilicho jirani na Batian, wakaendelea mpaka Batian. Shipton baadaye alifanya kazi shambani huko Turbo, si mbali na Kitale. Mwaka 1930 alirudi Mlima Kenya pamoja na rafiki yake Bill Tilman. Walipokuwa juu ya kilele kidogo kiitwacho Midget, Tilman aliteleza, akapigwa na mwamba, akazirai. Shipton alimzuia kwa kamba, kisha akamteremsha taratibu. Fikiri, msomaji: aliyezirai hajibu mwito. Habari pekee iliyompata Shipton kutoka kwa rafiki yake ilikuwa ni uzito wa kamba mikononi mwake. Kamba ndiyo iliyokuwa simu yao. Tilman alipona, na wote wawili waliendelea kupanda milima kwa miaka mingi.

Wakati huo simu ya upepo ilikuwa imekwisha vumbuliwa. Mwitaliano Guglielmo Marconi alikuwa amepokea ishara kutoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki mwezi wa Disemba 1901. Lakini mitambo ya siku zile ilikuwa mikubwa, ya kukaa katika meli na majumba, si ya kubebwa mgongoni. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoifanya redio iwe ndogo. Katika vita hivyo Wamarekani walitengeneza redio ya kubebwa mgongoni, yenye uzito wa zaidi ya kilo 15, na nyingine ya kushikwa mkononi, yenye uzito wa kilo 2 na kitu. Vijana wa Afrika Mashariki pia walifundishwa kazi ya kupeleka habari jeshini kwa simu ya upepo, na majeshi yao yalipigana Ethiopia na Burma. Vita vilipokwisha mwaka 1945, chombo cha askari kikawa tayari kwa kazi za amani.

Wapanda milima hawakukawia kukichukua. Shipton, yule yule wa Mlima Kenya, aliongoza mwaka 1951 safari ya kuchunguza njia ya kupanda Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani. Miaka miwili baadaye Waingereza walirudi huko chini ya John Hunt, wakiwa na redio ndogo za kusemezana baina ya kambi. Tarehe 29 Mei 1953 Edmund Hillary na Tenzing Norgay walifika kileleni. Je, habari hiyo ilishukaje? Wale wawili hawakuwa na redio kileleni. Wenzao walikuwa wameagana ishara ya kutandika mifuko ya kulalia juu ya theluji, lakini mawingu yaliificha. Hunt alijua ukweli siku ya pili, wapandaji wenyewe walipomkaribia. Mwandishi wa gazeti, James Morris, alishuka haraka, akampa tarishi barua aipeleke kwa miguu mpaka Namche Bazaar, penye kituo cha polisi wa India chenye simu ya upepo. Barua iliandikwa kwa mafumbo: maneno yaliyosema kwamba theluji ni mbaya yalikuwa na maana kwamba Everest umepandwa. Hivyo habari ilifika London kabla ya tarehe 2 Juni, siku ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Tazama jinsi chombo kipya kilivyohitaji bado miguu ya mtu na mapatano yaliyofanywa mapema.

Turudi nyumbani, maana kisa kinachotuhusu zaidi kilitokea Mlima Kenya. Tarehe 5 Septemba 1970 madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gerd Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wamekwisha fika kilele cha Batian, nao wameanza kushuka. Jiwe kubwa aliloshika Judmaier liling'oka, naye akaanguka pamoja nalo. Mguu wake ulivunjika vibaya, mfupa ukatoka nje. Walikuwa mahali pa juu mno, penye baridi kali na hewa hafifu, wala hawakuwa na chombo cha kuita msaada.

Oelz alikuwa na njia mbili, na kila moja ilikuwa chungu. Akikaa na rafiki yake, hapana mtu ambaye angejua shida yao. Akiondoka, atamwacha peke yake majeruhi aliyepoteza damu nyingi. Alimfunga jeraha, akamwekea chakula kidogo kilichokuwapo, akashuka peke yake lile jabali kwenda kutoa habari. Kisha akapanda tena kwa mwenziwe.

Watu wengi walijitoa. Wanachama wa chama cha wapanda milima cha Kenya walipanda siku baada ya siku, wengine wakiugua kwa sababu ya kimo. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikuja na helikopta kusaidia; ikaanguka mlimani, naye akafa. Huko Innsbruck baba yake Judmaier, aliyekuwa daktari pia, alipata habari, na waokoaji wa milima wa mji ule wakaletwa kwa ndege mpaka Kenya. Wao ndio waliomteremsha majeruhi kwa kamba mpaka chini. Judmaier alikuwa amekaa juu ya jabali lile kwa wiki nzima, naye akaishi. Oelz alifika kilele cha Everest mwaka 1978.

Hebu tujiulize: simu ya upepo ingalifaa nini siku ile ya kwanza? Ingalimwondolea Oelz ile safari ya kwenda kutoa habari, na msaada ungalianza kutayarishwa saa ile ile ya ajali. Hilo si jambo dogo. Lakini isingaliunganisha mfupa, wala isingalileta blanketi, wala isingalimteremsha mtu hata mita moja. Kazi hiyo ilingoja mikono ya watu walio tayari kupanda. Hili ndilo jambo ambalo redio haikuweza kulibadili: neno laweza kuruka, lakini msaada hutembea.

Tena redio yenyewe ina mipaka yake, na mlima ndio unaoiweka. Mawimbi ya redio ndogo za mkononi huenda karibu kama mwanga, yaani moja kwa moja. Kilele cha Wagagai, kirefu kuliko vyote vya Elgon, kina mita 4,321. Aliye juu yake, anga likiwa safi, upeo wa macho yake ni kama kilometa 235, na mawimbi ya redio yaweza kupita hapo kidogo. Lakini aliye ndani ya korongo, umbali wa kilometa moja tu, huenda asimsikie, kwa sababu mwamba umesimama kati yao. Mtu aliye juu ya Cheptais hawezi kusema moja kwa moja na mwenziwe aliye Endebess, karibu na mapango ya Kitum na Makingeny, maana mlima mzima uko katikati. Dawa yake ni ya kale: mtu wa tatu huwekwa juu ya kigongo, mahali anapowaona wote wawili, akapokea neno la huyu na kumpa yule. Siku hizi mtambo wa kupokezana huweza kufanya kazi hiyo bila mtu.

Mpaka wa pili ni baridi. Betri ikipoa hupoteza nguvu upesi. Kwa hiyo wapandaji huiweka ndani ya nguo, karibu na mwili. Mpaka wa tatu ni kwamba redio nyingi za namna hii huruhusu mtu mmoja tu kusema kwa wakati mmoja. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Wawili wakibonyeza pamoja, hapana asikiaye. Ndiyo sababu ya adabu yake: fikiri kwanza, taja jina la unayemwita, kisha jina lako, sema kwa ufupi, onyesha kwamba umemaliza, na aliyepokea arudie neno alilosikia ili ijulikane kwamba amelielewa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mahali pa kuyaona maneno hayo kuwa kweli ni juu ya jabali.

Huenda ukasema kwamba leo kila mtu ana simu ya mkononi, basi haya yote yamepitwa. La, hayajapitwa. Simu hiyo hutegemea mnara, na mnara nao huzibwa na mwamba kama redio izibwavyo. Tena simu humwita mtu mmoja, lakini neno la redio husikika kwa wote waliofungua masikio mahali pamoja. Ndiyo maana askari wa hifadhi za wanyama hubeba redio mpaka leo. Na wapandaji wenye busara, hata wakiwa na redio, bado huagana ishara za kamba kabla ya kuanza, kwa kuwa mikono yaweza kuwa imeshika mwamba wakati ule ule kitufe kinapohitajiwa.

Tumetoka kwenye viganja vilivyowekwa kinywani tukafika kwenye redio inayoenea katika kiganja kimoja. Katika safari hiyo yote, jambo moja halikubadilika. Wachukuzi wa mwaka 1899, Shipton na kamba yake, tarishi wa Namche Bazaar, na Oelz aliyeshuka peke yake, wote walikuwa wakibeba neno kwa ajili ya mtu mwingine. Chombo hufupisha njia ya neno; uaminifu wa anayelipokea ndio unaolipa thamani. Siku utakapopanda majabali ya Elgon pamoja na wenzako, na mmoja wenu amepewa redio abaki chini, usidhani kwamba yeye amepewa kazi ndogo. Asilale, asicheze, wala asiondoke mahali pake. Yamkini kutwa nzima hataitwa. Lakini akiitwa mara moja tu, awepo, asikie, alirudie neno, kisha ainuke aende.