Vibanda vya ishara za reli: kufuli la chuma linalotoweka

Jimbo la Luapula halina reli. Mkazi wa Nchelenge au Kashikishi anayetaka kupanda treni hana budi kusafiri kwanza kwa barabara hadi Kasama, inakopita reli ya TAZARA, au kuvuka daraja la Chembe na kukatiza ardhi ya Kongo hadi Ukanda wa Shaba. Hata hivyo, reli imo katika historia ya ufuo wa Ziwa Mweru. Njia iliyojengwa kutoka kusini ilifika Broken Hill, yaani Kabwe ya leo, mwaka 1906, ikagusa mpaka wa Kongo mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikaingia Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Vijana wengi wa Luapula walikwenda kutafuta kazi katika migodi ya Katanga. Kiswahili wanachozungumza leo wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Kilwa na Pweto ni ndugu wa kile kilichokomaa katika kambi za migodi na za reli.

TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ni njia moja: treni zinazokwenda na zinazorudi hutumia reli zilezile, na hupishana stesheni tu. Mwaka 2025 serikali za Zambia na Tanzania zilitia saini makubaliano na kampuni ya Kichina ya kuifufua, kwa uwekezaji unaotajwa kufikia dola bilioni 1.4 za Marekani. Mazungumzo mengi yamehusu injini, mabehewa na shaba. Ni machache yaliyohusu swali la zamani kuliko yote katika kazi ya reli: ni nini hasa kinachozuia treni mbili kukutana uso kwa uso?

Kwa zaidi ya miaka mia moja, jibu katika sehemu kubwa ya dunia lilikuwa chumba kidogo kando ya njia. Kiswahili hakina jina moja lililozoeleka la chumba hicho. Hapa tutakiita kibanda cha ishara. Ndani yake nyenzo ndefu za chuma zilisimama kwa safu. Kila wenzo uliunganishwa, kwa waya au kwa fito za chuma, na kitu kilichokuwa nje: ama mkono wa ishara ulioinuka na kushuka juu ya mlingoti, ama reli za kugeuzia njia. Mwendesha ishara alipovuta wenzo, nguvu za mikono yake ndizo zilizosogeza chuma kilichokuwa mamia ya mita mbali naye. Hapakuhitajika umeme.

Lakini thamani ya kibanda haikuwa katika kile kilichoweza kufanya, bali katika kile kilichokataa kufanya. Chini ya sakafu, nyenzo zilifungamanishwa kwa vyuma vilivyokatwa kwa namna ambayo wenzo mmoja ukivutwa, nyingine hukwama. Ishara ya kuruhusu treni haikuweza kushushwa ikiwa reli za kugeuzia zilielekea kusikotakiwa. Mwingereza John Saxby alipata hataza ya mfumo wa namna hii mwaka 1856, lakini ilichukua damu ya watu wengi kabla haujawa sharti la kisheria. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, mabehewa ya treni ya matembezi ya watoto wa shule ya Jumapili yaliserereka nyuma mlimani na kugongwa na treni iliyokuwa ikifuata, kwa kuwa treni ziliruhusiwa kwa kuhesabu dakika tu. Watu 80 walikufa. Kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolazimisha ufungamanishaji wa nyenzo na kanuni ya treni moja tu katika kila sehemu ya njia.

Kwa reli za njia moja, ambazo ndizo zetu, tukio muhimu zaidi ni la usiku wa tarehe 10 Septemba 1874 huko Thorpe, karibu na Norwich. Ruhusa ya treni kuingia kwenye njia moja ilitumwa kwa simu ya maandishi. Ujumbe ulipelekwa kabla haujatiwa saini, na walipotambua kosa walikuwa wamechelewa: treni mbili zilikuwa zimekwisha kuingia, kila moja kutoka upande wake, na waliozipa ruhusa hawakuwa na njia ya kuzisimamisha. Waliokufa ni 25.

Ajali hiyo ndiyo iliyomsukuma Edward Tyer kubuni mashine aliyoipatia hataza mwaka 1878. Stesheni mbili jirani ziliwekewa mashine zilizounganishwa kwa waya, kila moja ikiwa na visahani vya chuma ndani yake. Kisahani kilikuwa ndicho ruhusa yenyewe. Dereva asingeondoka bila kukishika mkononi. Kimoja kikishatolewa, mashine zote mbili zilijifunga, na hakuna kingine kilichoweza kutoka mpaka cha kwanza kirudishwe. Stesheni masta angeweza kuwa amechoka, amesahau au anasukumwa na mkubwa wake aharakishe, mashine haikujali.

Si kwamba chuma kilimaliza makosa. Tarehe 26 Januari 1921, katika stesheni ya Abermule huko Wales, wafanyakazi walipokezana kisahani bila hata mmoja kukisoma, na dereva akarudishiwa kilekile alichokuja nacho. Mashine ilikuwa imekataa kutoa ruhusa mpya, lakini hakuna aliyetazama. Watu 17 walikufa, akiwamo mkurugenzi mmoja wa kampuni ya reli hiyo. Baada ya hapo jitihada zilielekezwa katika kuifungamanisha pia ishara ya kuondokea na mashine ya visahani.

Huko Uingereza, ambako vibanda vilipata kuhesabiwa kwa maelfu, kupungua kwake kumekuwa kwa mpango. Mwaka 2011 shirika linalosimamia njia za reli lilikuwa na vibanda takriban 800, likatangaza kuhamishia kazi yao katika vituo vichache vikubwa vya kompyuta. Mwaka 2013 vibanda 26 viliwekwa kwa mpigo katika orodha ya majengo yanayolindwa. Kile cha Severn Bridge Junction mjini Shrewsbury, kilichojengwa mwaka 1903 kikiwa na nafasi za nyenzo 180, hutajwa kuwa kikubwa kuliko vyote vilivyobaki kazini duniani. Wapo wanaovililia vibanda hivyo, na si ajabu, maana vingine vilikuwa na maua madirishani na sakafu iliyong'arishwa kila siku. Hata hivyo, kwa abiria hakuna kilichopotea: kufuli la chuma halikuondolewa kabla kufuli la umeme halijafungwa mahali pake.

Afrika Mashariki na Kati hadithi ni nyingine. Vibanda vikubwa vyenye nyenzo nyingi vilikuwa vichache hapa. Stesheni ndogo zilizotapakaa porini ziliendeshwa na stesheni masta na mgeuza njia, wakiwa na milingoti ya ishara, kengele, na waya wa mawasiliano uliofuata reli. Waya huo ndio uliokuwa uhai wa kila kitu, na ndio uliokuwa wa kwanza kufa. Shaba huuzika. Mitambo iliyoharibika ilikosa vipuri, na mapato ya kuvinunua yalipungua pamoja na mizigo: TAZARA, iliyobeba zaidi ya tani milioni 1.2 mwaka 1986, ilishuka chini ya tani laki moja katika mwaka wa fedha wa 2014/2015. Treni zikiwa chache namna hiyo, stesheni zilifungwa na vyuma vikaachwa vipate kutu.

Kilichobaki mahali pengi ni karatasi. Stesheni masta humwuliza mwenzake wa stesheni ya mbele, kwa simu au redio, kama njia iko wazi. Akijibiwa kuwa iko wazi, huandika ruhusa kwenye fomu na kumkabidhi dereva. Utaratibu huo una kanuni zake na umewafikisha salama mamilioni ya watu. Atakayeubeza hajui kazi ya reli. Lakini ni vigumu kutoona kwamba kiini chake ni kilekile cha Thorpe: neno la mtu, linaloandikwa na mtu, bila kitu cha tatu kinachoweza kusema hapana.

Zimekuwapo juhudi za kukirudisha kitu hicho cha tatu. Kenya na Uganda, wakati wa mkodisho wa Rift Valley Railways uliomalizika mwaka 2017, zilishuhudia mfumo wa ruhusa za kompyuta uliofuatilia injini kwa setilaiti. Tanzania imekwenda mbali zaidi katika reli yake mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024: ruhusa hufika kwa redio kwenye kioo kilicho mbele ya dereva, na treni inayopita mpaka wa ruhusa yake hufungwa breki bila kungoja mkono wa mtu.

Reli za zamani hazina anasa hiyo, na pengine hazikuihitaji treni zilipokuwa chache. Lengo la kuifufua TAZARA ni kuongeza treni. Katika njia moja, kila treni inayoongezwa huongeza mapishano stesheni, na kila pishano ni ruhusa mbili zaidi za kuomba, kuandika na kusoma, mara nyingi usiku, chini ya taa ya mkononi. Msafiri wa Nchelenge atakayesimama jukwaani Kasama ataziona injini na mabehewa mapya yakifika. Jambo la kutazama ni kile ambacho dereva atakuwa amekishika wakati treni inaondoka.