Kompyuta Zinazokwamakwama Kitui na Makueni

Mafundi wa kompyuta wa Kitui mjini na Wote, makao makuu ya kaunti ya Makueni nchini Kenya, walirithi zana za mafundi wa redio: bisibisi, brashi na mita ya kupimia umeme. Mashine nyingi zilizoitwa mpya zilikuwa mpya kwa mnunuzi tu, kwani zilikuwa zimekwisha kutumika katika ofisi za Ulaya. Katika maeneo haya makavu, kompyuta ilipokwama, mshukiwa wa kwanza alikuwa vumbi. Fundi alifungua ubavu wa kasha akakuta feni imegandwa na utando mwekundu. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na picha kwenye skrini hukwama.

Nyaya za intaneti za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, chanzo cha kukwama kilianza kubadilika. Masasisho yalipakuliwa kimyakimya, na diski ya kuzunguka ikalemewa. Uchunguzi ukahamia kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa. Tiba kubwa kuliko zote imekuwa diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ambayo huifufua hata mashine kuukuu. Stima inayopanda na kushuka mara nyingi huchunguzwa mwisho, na hilo ni kosa: kuzimika ghafla huweza kuharibu mafaili na hata diski yenyewe, na diski iliyoharibika huweza kukwama inaposomwa.