Mfungwa anaporejea kijijini Ngara na Biharamulo: sheria inasemaje?

Na Mwandishi Wetu

WAFUNGWA wanaorejea katika vijiji vya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hukabiliwa na mambo mawili makubwa: kupokewa na majirani na kupata ardhi ya kulima.

Jambo la kwanza lina historia. Katika miaka ya 1990 na 2000, ujambazi wa kutumia silaha ulikithiri katika ukanda huu unaopakana na Rwanda na Burundi, hata mabasi yakawa yakisindikizwa na polisi. Hivyo, anayetoka gerezani kwa kosa la wizi au unyang'anyi hutazamwa kwa hofu, hata kama amekwisha kutumikia adhabu yake.

Njia za kutoka gerezani ni kadhaa. Wengi hupata msamaha wa theluthi moja ya kifungo kwa mujibu wa Sheria ya Magereza ya mwaka 1967. Wengine husamehewa na Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Desemba 9, 2019, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 nchini kote.

Ipo pia parole, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Mfungwa huachiwa kwa masharti na kumalizia kifungo chake nje ya gereza, akiwa chini ya uangalizi.

Aidha, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 humwezesha mwenye kosa dogo, ambaye angefungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, kufanya kazi za jamii bila malipo huku akiishi nyumbani. Mtu huyo hatengani na familia wala shamba lake.

Hapo ndipo pengo linapoonekana. Wa parole na wa huduma kwa jamii wana ofisa wa kuwafuatilia, lakini aliyemaliza kifungo kwa kawaida hurejea kijijini bila mtu wa namna hiyo, ingawa huenda ndiye aliyekaa gerezani muda mrefu zaidi.

Kuhusu ardhi, kifungo peke yake hakimwondolei mtu haki ya shamba lake. Iwapo amekuta migomba na kahawa yake mikononi mwa ndugu au jirani, anaweza kufika mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, lililoundwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Baraza hilo lina wajumbe saba, wakiwamo wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Asiye na shamba anaweza kuomba ardhi kwa Halmashauri ya Kijiji.

Kwa hiyo, mwenyekiti na ofisa mtendaji wa kijiji wana nafasi kubwa. Wakimpokea mapema, wakazungumza na familya yake pamoja na aliyekosewa, ugomvi wa zamani huweza kumalizwa kabla haujazaa kosa jingine.