Kupunguza uzito na shinikizo la damu

Kupunguza uzito ni mojawapo ya njia za kushusha shinikizo la damu, au presha kama wengi wanavyoiita, iwe bila dawa au sambamba na dawa. Kwa kawaida mtu mzima huhesabiwa kuwa na presha ya kupanda pale vipimo vilivyorudiwa siku tofauti vinapofika 140 kwa 90 au zaidi, kwa milimita za zebaki. Mwaka 2017 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani viliteremsha mpaka huo hadi 130 kwa 80. Si kila mwenye presha ni mnene, na wembamba nao hupatwa na presha. Hata hivyo, kilo zikiongezeka presha huelekea kupanda, na zikipungua hushuka.

Mafuta yenye madhara makubwa ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo na figo. Yakizidi huzibana figo, nazo hubakiza chumvi na maji ambayo zingeyatoa kwa mkojo. Ujazo wa damu huongezeka, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Seli za mafuta hutoa pia homoni iitwayo leptini, inayochochea mfumo wa fahamu kukaza mishipa ya damu. Wanene wengi wanaokoroma hukatikiwa pumzi usingizini, na kila pumzi inapokatika presha hupanda, tena usiku, saa ambazo ilitakiwa itulie. Kwa kuwa mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi, futi ya fundi cherehani ikizungushwa kiunoni inaweza kueleza jambo ambalo mizani haikulisema.

Uchambuzi wa majaribio 25 uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba kila kilo moja inayopungua huteremsha namba ya juu kwa takriban milimita 1, na ya chini karibu vivyo hivyo. Kiasi hicho huonekana kidogo mno mpaka kikilinganishwa na kazi ya dawa: mwaka 2016 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba kushusha namba ya juu kwa 10 hupunguza kiharusi kwa asilimia 27, moyo kushindwa kufanya kazi kwa asilimia 28 na vifo vya sababu zote kwa asilimia 13. Hesabu hizo zilitoka zaidi kwenye majaribio ya dawa, kwa hiyo si sawa kumwahidi mtu hayohayo kwa kupungua kilo peke yake.

Funzo kubwa zaidi lilitoka Marekani, katika jaribio lililojulikana kwa kifupi kama TOHP II, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 1997. Watu 2,382 wa umri wa miaka 30 hadi 54, wenye uzito uliozidi na presha iliyokaribia mpaka, waligawanywa makundi. Waliofundishwa kupunguza uzito walikuwa wamepungua kilo 4.4 kwa wastani baada ya miezi sita, na presha ilishuka. Kufikia mwaka wa tatu karibu kilo zote zilikuwa zimerudi, na sehemu kubwa ya nafuu ya presha ikapotea nazo. Lakini waliobaki na upungufu wa angalau kilo 4.5 hadi mwisho walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa presha iliyo pungufu kwa asilimia 65 kuliko wasiofundishwa. Kilo chache zinazodumu zina thamani kuliko nyingi za mwezi mmoja wa kujinyima. Jaribio jingine la Marekani, TONE, liliwahusu wazee wa miaka 60 hadi 80: kati ya wanene, waliopunguza uzito na chumvi pamoja ndio waliofaulu zaidi kukaa bila dawa.

Kipimo chenyewe kina mtego. Mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene hutoa namba za juu kuliko ukweli; mkono ukishapungua, sehemu ya mteremko unaosomwa yaweza kuwa ni ya mkanda tu. Mwenye mkono mnene aombe mkanda mpana.

Anayetumia vidonge naye asivikatize mwenyewe. Kilo zinapopungua, dozi ileile ya zamani, hasa ya dawa za kukojoza, huweza kuzidi: mtu akisimama ghafla anahisi kizunguzungu, na mzee huweza kuanguka. Dalili hiyo ipelekwe kliniki, ambako daktari atapima presha mgonjwa akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama, ndipo aamue kipi kipunguzwe.