Funzo la Jukwaa la Kamirithu

Mwezi Machi 1982, nchini Kenya, dola ilituma askari kubomoa jukwaa la kijiji. Jukwaa halina bunduki. Yatupasa basi tuulize: kilichoogopwa ni nini?

Kamirithu, wilayani Kiambu, kilianzishwa miaka ya 1950, wakoloni walipowakusanya wakulima ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Baada ya uhuru wengi wa wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu na wakulima wadogo. Mwaka 1976 walianza kisomo cha watu wazima, na kutokana na kisomo ukazaliwa mchezo wa kuigiza, Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa kwa Kikuyu na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Unamhusu Kiguunda, mwenye ekari moja na nusu, anayenaswa na mkopo wa benki hadi ardhi yake ikaangukia mikononi mwa tajiri.

Wanakijiji walisahihisha lugha ya waandishi, wakaongeza nyimbo, wakajenga uwanja kwa mikono yao. Mazoezi yalifanyika hadharani, na kila mtu alikuwa na haki ya kukosoa. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Mwisho wa Desemba Thiong'o alitiwa kizuizini bila mashtaka, akakaa humo karibu mwaka mzima. Kikundi kilipoandaa mchezo mwingine mwaka 1982, kilipigwa marufuku na uwanja ukavunjwa.

Hapa ndipo penye funzo. Mwaka huohuo wa 1977, riwaya ya Thiong'o kwa Kiingereza, Petals of Blood, iliyoshambulia tabaka lilelile la wanyonyaji, ilizinduliwa na waziri wa serikali. Hoja zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni lugha, na nani aliyekuwa akisema. Mkulima aliyechambua mshahara wake mwenyewe ndiye aliyetisha.

Sisi makada tusiridhike kuwalaumu wengine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 tulitumia ngonjera kueneza siasa ya Ujamaa, na zilifanya kazi kubwa. Lakini mara nyingi wananchi walikariri maneno tuliyowapelekea yakiwa yamekwisha kuandikwa. Tujiulize kwa uaminifu: ni mara ngapi tuliwaruhusu watusahihishe? Sanaa ya umma haipimwi kwa makofi, bali kwa haki ya umma kukosoa.