Michael Kremer na Miaka ya Busia

Michael Kremer, mchumi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1964, aliijua magharibi ya Kenya kabla hajawa mchumi. Alipomaliza shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1985, alikwenda Kakamega kufundisha sekondari kwa mwaka mmoja. Uzamivu aliupata Harvard mwaka 1992, na mwaka uliofuata akatoa makala mbili za nadharia. Mojawapo ilichukua jina la kipete cha mpira kilichosababisha chombo cha anga cha Challenger kulipuka mwaka 1986. Hoja yake ni kwamba kazi yenye hatua nyingi huharibika yote hatua moja ikikosewa; kwa hiyo wafanyakazi stadi huvutana, na tofauti ndogo ya ustadi huzaa pengo kubwa la kipato kati ya nchi na nchi. Kwa makala hizo pekee angeweza kuishi vizuri chuoni hadi kustaafu.

Badala yake, katikati ya miaka ya 1990 alirudi magharibi ya Kenya. Rafiki yake aliyefanya kazi katika shirika la misaada la Kiholanzi alikuwa akipanga shule zipi zisaidiwe kwanza. Kwa kuwa msaada haukutosha shule zote kwa mara moja, Kremer alishauri zinazotangulia zichaguliwe kwa nasibu, na zinazosubiri zitumike kama kipimo. Madaktari walikuwa wakipima dawa hivyo kwa muda mrefu, ila wachumi wa maendeleo walikuwa hawajaizoea njia hiyo.

Matokeo ya mwanzo yaliwashangaza wengi. Vitabu vya kiada vilivyogawiwa bure havikupandisha wastani wa alama. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasa. Sababu haikuwa mbali. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Mtoto alipewa kitabu asichoweza kukisoma. Jambo hilo mwalimu yeyote wa kijijini angelisema bila kuulizwa mara mbili, lakini wafadhili walihitaji kuliona kwenye jedwali la takwimu.

Utafiti uliompa jina ni wa minyoo, alioufanya na mchumi mwenzake Edward Miguel na kuuchapisha mwaka 2004. Shule 75 za msingi za wilaya ya Busia, hukohuko magharibi ya Kenya, zenye watoto zaidi ya 30,000, ziligawanywa makundi matatu yaliyoingia katika mpango kwa zamu kuanzia mwaka 1998. Mgawanyo wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa: shule ziliorodheshwa kwa alfabeti ndani ya kila eneo, kisha zikahesabiwa moja, mbili, tatu. Kati ya kila watoto 100 waliopimwa, 92 walikuwa na angalau aina moja ya minyoo. Waliotibiwa walimeza albendazoli, na palipokuwa na kichocho kingi, prazikwanteli. Utoro ulipungua kwa robo. Alama za mitihani hazikubadilika.

Uzito wa utafiti huo uko katika kuifanya shule nzima kuwa kipimo badala ya mtoto mmoja mmoja. Mayai ya baadhi ya minyoo hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye udongo, na mabuu yake humpata mwingine apitaye peku. Mtoto aliyetibiwa humkinga jirani ambaye hajatibiwa. Mtafiti anayewalinganisha wawili hao ndani ya shule moja huona tofauti ndogo, kisha huamua kwamba dawa haina maana, kumbe faida imewafikia wote wawili.

Mwaka 2015 watafiti wa London waliichambua upya data ambayo waandishi wenyewe waliitoa, wakakuta makosa ya hesabu. Madai kuhusu faida kwa shule za mbali yalipungua nguvu, na mabishano yakawa makali. Kremer na wenzake waliendelea kuwafuatilia wanafunzi wale hata walipohamia mijini au kuvuka mpaka kuingia Uganda. Baada ya miaka 20, waliotangulia kupata dawa walikuwa na matumizi ya juu kwa asilimia 14 kuliko waliosubiri miaka miwili mitatu. Hapa ndipo ubora wa Kremer ulipo kuliko katika mbinu ya nasibu, ambayo yeyote anaweza kuiiga. Yeye na wenzake hawakuondoka Busia. Minyoo ilifuatiwa na mbolea, na mbolea na chemchemi: kuijengea chemchemi kinga kulipunguza kuhara kwa watoto kwa robo.

Udhaifu nao unatoka hapohapo. Angus Deaton, mchumi aliyepata Nobeli mwaka 2015, amesisitiza kwamba jaribio huthibitisha kilichotokea mahali lilipofanyika, na halisemi kwa nini kitokee kwingine. Busia iko karibu na Ziwa Victoria, na jaribio lilianza wakati wa mvua za El Niño, minyoo ikiwa mingi kupita kawaida. Wilaya moja imetwishwa ushahidi wa sera za nchi ambazo udongo na maji yake ni tofauti.

Nobeli ya mwaka 2019, aliyoipata pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ilitolewa kwa mbinu ya majaribio. Mwaka uliofuata alihamia Chuo Kikuu cha Chicago. Kazi yake nyingine kubwa haikuhitaji kijiji cha majaribio. Makampuni ya dawa hayatengenezi chanjo za maradhi ya maskini kwa kuwa mnunuzi hana fedha. Kremer alipendekeza wafadhili waahidi mapema, kwa mkataba, kuinunua chanjo ikipatikana. Kwa chanjo ya nimokoka, inayozuia nimonia, serikali tano na Wakfu wa Gates waliahidi dola bilioni 1.5. Kenya ilianza kuwapa watoto wake chanjo hiyo mwaka 2011.