Jemadari Ndani ya Sanduku: Maneno, Rangi na Majeshi Madogo ya Bara Hindi

Wapo watu wazima, hasa Uingereza na Marekani, ambao jioni zao huzitumia kupaka rangi askari wasiozidi urefu wa kidole. Askari hao hupangwa juu ya meza iliyogeuzwa kuwa nchi, yenye vilima, mito na ngome, kisha wachezaji wawili hupigana kwa kufuata kanuni, kwa rula na kwa dadu. Miongoni mwa vita vinavyopendwa sana katika mchezo huu ni vile vya Bara Hindi chini ya ukoloni: Plassey mwaka 1757, Assaye mwaka 1803, vita vya Masingasinga vya miaka ya 1840, na yale makubwa ya mwaka 1857.

Mpenzi wa ushairi na lugha aweza kuuliza: je, hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa njia ya maneno. Jeshi lile la Bara Hindi lilitumia maneno ambayo mengi tunayo katika Kiswahili chetu, na anayeyafungua masanduku ya wachezaji hawa hukuta ndani yake msamiati anaoufahamu.

Tuanze na mchezo wenyewe. Kuigiza vita juu ya ubao ni jambo ambalo Bara Hindi lilikuwa nalo zamani sana. Chaturanga, jina la Kisanskriti lenye maana ya viungo vinne, ulikuwa mchezo wa jeshi lenye ndovu, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Waajemi waliuchukua, Waarabu wakaupokea kutoka kwao wakauita shatranji, nasi tukapata sataranji. Huko Prussia, mwanzoni mwa karne ya 19, von Reisswitz na baadaye mwanawe waliunda mchezo wa kuwafunzia maofisa vita juu ya ramani. Kanuni za mwana zilitoka mwaka 1824. Mwaka 1913 H. G. Wells alichapisha kitabu chake Little Wars, akaufanya mchezo wa maofisa kuwa burudani ya sebuleni. Donald Featherstone akaueneza zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1962, na mwaka 1979 Larry Brom akatoa kanuni za The Sword and the Flame, mahususi kwa vita vya kikoloni.

Askari wa Wells walikuwa wa madini. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutengeneza askari wenye uwazi ndani. Madini yaliyoyeyushwa yalimiminwa katika kalibu; tabaka la nje lilipoganda tu, yale ya katikati yakamwagwa nje. Askari akawa mwepesi, tena wa bei nafuu, na watoto wa tabaka la kati wakaweza kuwa na vikosi kamili, wakiwamo wapanda farasi wa Bengal wenye vilemba na mikuki. Kazi hiyo ya risasi iliendelea hadi mwaka 1966.

Hapo Kiswahili kina neno la kusema. Madini yale kwetu huitwa risasi, kutoka Kiarabu, na kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki nacho huitwa risasi. Kwa hiyo mtu akisema "askari wa risasi", Mswahili husikia mambo mawili kwa pamoja: kilichomuumba askari yule, na kilichomuua askari wa kweli. Sidhani kuwa lugha ilikusudia fumbo hilo, lakini limo.

Winston Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba utotoni alikuwa na askari wa kuchezea wapatao 1,500, wote wa upande wa Uingereza, na kwamba baba yake alipokuja kuwakagua alimuuliza kama angependa kuingia jeshini. Mwaka 1897 alikuwa Malakand, katika mpaka wa kaskazini-magharibi wa Bara Hindi, akiwa ofisa kijana katika vita vya kweli. Mchezo una njia zake za kulea nia.

Sasa tuje kwenye rangi. Mpakaji mwangalifu hukwangua kwanza ule mshono ulioachwa na kalibu, akamwosha askari wake, akampaka rangi ya msingi, kisha akaanza na rangi nzito katika mikunjo ya nguo na kumalizia na nyepesi pale panapopigwa na mwanga. Lakini ufundi wa mkono hautoshi. Sharti ajue mwaka. Askari wa Kampuni ya India Mashariki wa zama za Assaye huvaa koti jekundu. Mwaka 1846 Harry Lumsden aliunda kikosi cha Guides huko Peshawar, na badala ya wekundu akakivika nguo za rangi ya vumbi. Wenyeji waliiita khaki, kwani kwa Kiajemi na Kiurdu khak ni udongo au vumbi. Mwaka 1857, katika joto la vita, vikosi kadhaa vya Kizungu navyo vilichovya nguo zao nyeupe katika rangi zilizopatikana ili zifanane na ardhi. Mwisho wa karne, vazi hilo lilikuwa limevuka bahari. Sisi tuliovaa kaptura za kaki shuleni tulivaa neno la Peshawar bila ya kulijua. Hata neno rangi lenyewe ni la Kiajemi.

Katika rangi pia ndimo mizani ya haki inapoonekana. Mara nyingi mchezaji hutafuta kwa bidii kubwa rangi ya kola na vifungo vya kila kikosi cha Mwingereza, na wapinzani wao akawapaka wote rangi moja kama kundi la wanyang'anyi. Historia haikubaliani naye. Huko Assaye, Wellesley alipambana na batalioni za Wamaratha zilizofunzwa kwa mtindo wa Ulaya, zenye mizinga mingi iliyopigwa kwa ustadi. Jeshi la Masingasinga lilikuwa limefunzwa na maofisa waliowahi kumtumikia Napoleon, kama Allard na Ventura, na askari wake wengi wa miguu walivaa makoti mekundu kama ya adui zao. Na upande wa Waingereza haukuwa wa Waingereza watupu. Katika jeshi la Clive la watu wapatao 3,000 huko Plassey, kiasi cha theluthi mbili walikuwa Wahindi.

Askari hao wa Kihindi waliitwa sipahi, neno la Kiajemi litokanalo na sipah, yaani jeshi. Waingereza walilitamka sepoy. Wareno walilifanya sipaio, wakalipeleka hadi Msumbiji, ambako lilikuja kuwa jina la polisi Mwafrika wa serikali ya kikoloni. Nasi tulikwisha pata askari kutoka Kiarabu, wala hatukulihitaji.

Lakini neno jemadari tulilichukua, na safari yake ni ya ajabu. Katika Bara Hindi, jamadar linaelezwa kuwa na mzizi wa Kiarabu wa kukusanya, ule ule uliotupa jamaa na jumuiya, pamoja na kiishio cha Kiajemi chenye maana ya mwenye. Jamadar basi ni mwenye kundi. Jeshini kilikuwa cheo cha chini kabisa cha ofisa wa Kihindi, chini ya subedar. Wote wawili, hata wangekuwa na mvi na makovu ya vita kumi, walikuwa chini ya luteni kijana aliyeshuka melini jana kutoka Uingereza. Baadaye, mitaani huko, neno hilo likashuka zaidi hata likatumika kumwitia mfagiaji.

Kwetu lilipanda. Masultani wa Unguja waliajiri askari wa Kibaluchi chini ya majemadari wao. Mwaka ule ule wa 1857, Delhi ilipokuwa ikiwaka moto, Burton na Speke walitoka pwani yetu kwenda bara wakilindwa na askari hao. Mswahili alimwona jemadari akiwa mbele ya watu wake wenye silaha, wala hakumwona luteni yeyote wa Kizungu juu yake. Hivyo akalifanya neno hilo kuwa jina la kiongozi mkuu wa vita. Mtu yule aliyezuiwa kupanda katika jeshi la Waingereza, Kiswahili kilimpandisha hadi juu kabisa. Baadaye, mnamo Novemba 1914, jeshi lile la Bara Hindi lilikuja lenyewe, likashuka Tanga likiwa na watu wapatao 8,000, na likashindwa na jeshi dogo zaidi la von Lettow-Vorbeck, ambalo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika. Wapo waliozikwa pale pale Tanga.

Baada ya mchezo, jeshi huhifadhiwa. Hapa pana elimu yake. Askari wa risasi hawapendi kabati la mwaloni wala boksi la karatasi duni, kwa kuwa vitu hivyo hutoa mvuke wenye asidi. Mvuke huo hula risasi polepole hadi igeuke unga mweupe, na askari akafa ndani ya sanduku bila ya kuguswa na mtu. Wajuzi huwatia katika masanduku ya bati, wakiwawekea sumaku chini ya vitako ili wasigongane, mahali pakavu penye hewa. Kisha hubandika karatasi ya jina.

Karatasi hiyo ndiyo nilitaka tuifikie. Juu ya sanduku la mwaka 1857 wengi huandika kwa Kiingereza neno lenye maana ya maasi ya askari. Mwaka 1909 Savarkar alichapisha kitabu kilichoyaita mambo yale yale vita vya uhuru wa India. Majina hayo mawili hayawezi kuwa sawa, kwani la kwanza linamchukulia Mwingereza kuwa mwenye nyumba na la pili linamwona mgeni. Sisi twalijua jambo hili. Vitabu vya watawala viliita ya 1905 hadi 1907 uasi. Tuliowafundisha vijana baada ya uhuru tulisema Vita vya Maji Maji. Watu waliokufa ni wale wale, ila neno lilibadili mahali pao katika historia.

Tena kuna waliokosa hata sanduku. Mfalme aliyewekwa mbele na wapiganaji wa Delhi, Bahadur Shah, alikuwa mshairi wa Kiurdu kwa lakabu ya Zafar. Alihamishiwa Rangoon akafia huko mwaka 1862. Ghalib alikuwamo Delhi wakati ule wote, akaandika habari zake kwa Kiajemi. Kanuni za meza humpa mzinga thamani yake kwa hesabu. Washairi hawa hawahesabiwi.

Sisemi mchezo huu uachwe. Anayekaa usiku kutafuta rangi sahihi ya kilemba cha mtu aliyekufa miaka 200 iliyopita amemtazama mtu huyo kwa makini kuliko wengi wetu. Namwomba atazame vivyo hivyo jina analoliandika juu ya sanduku, aweke mwaka na mahali, na kando ya jina walilolitumia washindi aandike na lile walilolitumia walioshindwa. Nanyi, wapenzi wa lugha, mnapolitia neno jemadari katika utenzi, kumbukeni kwamba kulikuwa na watu walioitwa hivyo maisha yao yote, na hakuna aliyewaruhusu kuwa majemadari.